Balozi Akistaafu, Vita Vinaanza

Mpwa wangu anasoma Chuo cha Diplomasia pale Kurasini. Jumapili moja alikuja kwangu Tandika, akaniamkia, akala wali wake akamaliza, ndipo akatoa swali alilokuja nalo toka hosteli. "Mjomba, hivi kwa nini mabalozi wakistaafu wanaandika vitabu vya vita? Si walikuwa wanalipwa kuvizuia?" Walikuwa wamepewa orodha ya kusoma, na yeye akagundua kwamba majina kadhaa humo si ya majenerali wala maprofesa. Ni ya watu wa suti na hafla za jioni.

Mimi si balozi wala mwanahistoria. Nilikuwa karani wa masjala katika wizara moja hapa mjini, enzi hizo serikali yote ikiwa bado Dar, kabla faili hazijapakiwa kwenye malori kwenda Dodoma. Lakini swali lake nalijua kwa mlango wa uani, mlango wa makaratasi, na naamini jibu lake limekaa hukohuko.

Watu wanamjua balozi kwa gari lenye bendera na picha ya kukabidhi hati za utambulisho. Hayo ni ya dakika kumi. Saa zake nyingine zote anaandika. Mchana amekaa na waziri wa nchi aliyopelekwa, wamezungumza saa tatu, waziri amekasirika, amepiga meza, amenyamaza, kisha amesema jambo moja la maana wakati anamsindikiza mgeni mlangoni. Usiku ule balozi anaandika taarifa kwenda kwao. Ikifika, afisa wa dawati anaifupisha kwenye dokezo sabili, karatasi fupi ya kiofisi, kwa katibu mkuu. Katibu mkuu anaandika pembeni kwa kalamu, "Tujadili," au "Nimeona," basi. Faili linarudi masjala ya siri, karatasi inapigwa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya faili, kabati linafungwa. Zile saa tatu sasa ni aya mbili. Meza iliyopigwa haimo. Neno la mlangoni nalo huenda halimo, kwa sababu balozi aliona likisomwa na watu wengi litaharibu.

Miaka mingi baadaye anakuja mwanahistoria. Kwa sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 kawaida ni miaka 30 ndipo faili la serikali lifunguliwe kwa wasomaji, na nchi nyingine zina hesabu zao. Anavaa miwani, anakuta aya mbili, anazinakili kama ushahidi. Jenerali anakumbuka medani na profesa anaisoma karatasi, ila aliyeketi jikoni karatasi hiyo ikipikwa ni balozi. Anajua chumvi iliingia wapi.

Anaijua pia lugha yake. Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba viongozi wawili "wamekuwa na mazungumzo ya wazi na ya kina," mtu wa kawaida anapita. Mtu wa kazi ile anaelewa kwamba waligombana. Kama wamesema "wamekubaliana kuendelea kushauriana," hawakukubaliana kitu.

Sasa vita vinaingiaje? Vinaingia kwa sababu vita ndipo kazi ya balozi inapofia, na mtu haachi kuwaza mahali kazi yake ilipofia. Mfano ninaoupenda ni wa Mmarekani George Kennan, aliyezaliwa 1904 na kuingia utumishi wa kidiplomasia akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Februari 1946, akiwa Moscow, alipeleka kwao ujumbe mrefu kuliko desturi kuhusu tabia ya dola ya Kisovieti, na ujumbe ule ukawa moja ya misingi ya sera ya Marekani katika Vita Baridi. Mwaka 1952 akarudi Moscow kama balozi. Hakumaliza mwaka. Akiwa Berlin aliwaambia waandishi wa habari kwamba maisha ya mwanadiplomasia Moscow yanafanana na alivyoishi alipozuiliwa na Wajerumani mwaka 1941 na 1942, Wasovieti wakamtangaza mtu asiyetakiwa. Mtu aliyesifika kwa kuandika kwa makini aliponzwa na kinywa. Mwaka 1953 akaondoka serikalini, akaenda Princeton kwenye taasisi ya utafiti, akaanza kazi ya pili.

Angeweza kuandika juu ya yale aliyoyaona. Kumbukumbu zake aliziandika kweli, lakini baadaye. Kwanza alirudi nyuma hadi 1917, kuchunguza jinsi Urusi ilivyojitoa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huo wa 1917 yeye alikuwa mtoto wa miaka 13. Kitabu kilitoka 1956 na kikapata Tuzo ya Pulitzer. Miaka mingi baadaye akachimba zaidi, akaufikia mkataba wa siri wa kijeshi kati ya Ufaransa na Urusi uliokamilika 1894. Kwake vita vile vilikuwa mama wa maafa ya karne nzima, na alitaka kuona waungwana wenye kola nyeupe walivyoandikiana karatasi nzuri, moja baada ya nyingine, hadi ikafika siku ambayo nchi moja ikitikisika lazima zote zianguke.

Mpwa wangu akaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Nikamwambia tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliupiga mizinga mji huu huu wa Dar es Salaam, ikilenga mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Hakuna mvuvi wa Kigamboni aliyekuwa amesikia habari za mkataba wa Ufaransa na Urusi. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu Ulaya iwake moto.

Nenda leo Posta, simama pale Sanamu ya Askari kabla jua halijapanda na wauza soksi hawajajaa. Yule askari wa shaba amesimama tangu 1927, bunduki mbele, uso kuelekea bandarini. Maandishi ya chini yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na wapagazi wametajwa humo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa nzuri mno. Idadi yao haikuwekwa, wala kwamba walikufa makumi kwa maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria wakiwa na mizigo kichwani. Sijui kama aliyetunga maneno yale alikuwa balozi, ila angefaulu. Hakuna neno la uongo pale. Kuna kilichoachwa tu.

Na hapo ndipo penye hatari ya hawa mabalozi wanaogeuka wanahistoria. Ufundi wao wa kujua kilichoachwa ni ufundi uleule wa kuacha. Mtu aliyefundishwa miaka thelathini kutomuudhi mwenyeji hawezi kuamka siku moja baada ya sherehe ya kustaafu akawa msema ovyo. Ana marafiki ambao bado wako kazini. Ana kiapo cha siri. Na kuna lile la ndani kabisa, kwamba anataka ionekane alikuwa upande wa wenye akili.

E. H. Carr analionyesha hili vizuri, na namtaja kwa heshima maana alikuwa kichwa kweli. Aliingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza mwaka 1916, akawamo katika ujumbe wao kwenye mkutano wa amani wa Paris 1919, na 1936 akajiuzulu kwenda kufundisha Aberystwyth, Wales. Mwaka 1939 akatoa kitabu kinachochambua miaka ishirini baina ya vita viwili vikuu. Humo alizungumza kwa wema juu ya makubaliano ya Munich ya 1938, yale ambayo Uingereza na Ufaransa zilimwachia Hitler akate kipande cha Chekoslovakia. Vita vilipokwisha kitabu kikachapwa upya. Sentensi zile za Munich hazikuwamo tena.

Nikiwa kijana masjala niliwahi kulipitia faili moja nikaona namba zinaruka, folio 13, halafu 15. Nikampelekea mkubwa wangu. Akaniambia, "Andika haipo, endelea." Nikaandika haipo. Mpaka leo nikisoma kitabu cha mtu aliyekuwamo, kidole changu kinatafuta folio 14.

Mtu atajikingaje na hilo? Kennan alijikinga kwa kwenda kwenye vita ambavyo hakuvigusa. Kuna Mwingereza mmoja aliyefanya hivyohivyo kwa namna inayonivutia zaidi. Rodric Braithwaite, aliyezaliwa 1932, alisoma Kirusi Cambridge, akafanya kazi vituo kadhaa, na kuanzia 1988 hadi 1992 alikuwa balozi Moscow. Yaani aliiona dola ile ikibomoka akiwa dirishani. Mapinduzi yaliyoshindwa ya Agosti 1991 yalimkuta palepale. Baadaye alikuwa mshauri wa mambo ya nje wa waziri mkuu John Major na mwenyekiti wa kamati ya pamoja ya ujasusi. Ungetegemea mtu huyo atuandikie vikao.

Alianza kwa kumbukumbu za ubalozi kweli, kama wengi. Kisha 2006 akatoa kitabu cha vita vya Moscow ya 1941, na humo mabalozi hawaonekani sana. Unakutana na wanafunzi wa kike waliokwenda mstari wa mbele, wacheza dansi wa jukwaani, wafanyakazi wa viwanda, watu waliofungasha virago tarehe 16 Oktoba 1941 siku mji ulipopatwa na kiwewe na wakubwa wakawa wa kwanza kukimbia. Aliwatafuta waliokuwa bado hai, akaketi nao. Kwa hesabu yake askari wa Kisovieti zaidi ya laki tisa walipotea katika vita vya mji ule mmoja, wengi kuliko askari wote wa Uingereza na Marekani waliokufa katika vita vyote vile. Mtu aliyekuwa akiwaandikia mawaziri aya mbili sasa anatumia kurasa kumweleza msichana mmoja na viatu vyake.

Mwaka 2011 akaenda kwa askari wa Kisovieti waliopelekwa Afghanistan kuanzia Desemba 1979. Walipita huko zaidi ya laki sita, wakafa kama elfu kumi na tano, na wa mwisho wakavuka daraja la mpakani tarehe 15 Februari 1989. Angalia tarehe hiyo. Alikuwa tayari balozi Moscow. Vijana wale walirudi nyumbani yeye akiwa mjini, akiandika taarifa za kwao, na bila shaka kwenye taarifa hizo walikuwa "kuondoka kwa majeshi." Miaka ishirini na ushee baadaye ndipo akarudi kuwauliza majina yao. Hapo naona mtu amelifungua faili lake mwenyewe.

Turudi nyumbani, maana mfano wa karatasi kugeuka historia tunao sebuleni. Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakajitangazia kwamba eneo lile ni la Uganda, daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na taifa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata aliyezaliwa juzi anaijua. Mpaka hapo hakuna utata, tumevamiwa, tunamtoa mvamizi.

Utata unaanza jeshi likishavuka. Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ya 1963 ilikuwa na nguzo mbili kubwa, kuheshimu mipaka na kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzako, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa walinzi wake wakali. Sasa tunaelezaje majeshi yetu kuwa ndani ya Uganda? Mwalimu akatoa maelezo kwamba vita ni viwili. Kimoja ni cha Watanzania wanaoilinda nchi yao. Kingine ni cha Waganda wanaomwondoa dikteta wao. Vimekutana tu njiani.

Kama diplomasia, kauli ile ni kazi ya fundi hasa. Inalinda kanuni, inawapa Waganda heshima ya kujikomboa, na haisemi uongo, kwa sababu Waganda walikuwapo kweli wakipigana. Ila mwanahistoria anachukua kalenda, anaifuata njia ya jeshi letu. Mutukula, Januari 1979. Masaka, Februari. Lukaya, ambako askari wa Libya nao walikuwa upande wa Amin, Machi, mwanzoni. Mkutano wa Moshi uliowaweka makundi ya Waganda chini ya mwavuli mmoja, chini ya Yusuf Lule, ni tarehe 24 hadi 26 Machi. Kampala, 11 Aprili. Basi mwavuli wa vile vita vya pili ulifunguliwa wakati jeshi letu, JWTZ, limeshapita Masaka na linaikaribia Kampala, na jeshi kubwa lililoingia mjini ni hilohilo. Julai, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakaishambulia Tanzania kwa hatua ile. Wao hawakukubali kwamba vita vilikuwa viwili.

Simlaumu Mwalimu hata kidogo; ningekuwa mimi ningeitafuta kauli kama ile na nisingeipata. Ninachosema ni kwamba maneno yale yalitengenezwa kwa masikio ya Addis Ababa, makao makuu ya OAU, na leo utayakuta yamekaa kwenye maelezo ya vita kana kwamba ni ripoti kutoka medani. Balozi mwandishi mzuri angekuambia, "Hili tuliliandika kwa sababu hii, siku hii, kwa ajili ya mtu huyu." Akikuambia hivyo amekupa dhahabu. Akilirudia kama lilivyo, amehamishia tu dokezo lake kwenye kitabu chenye jalada gumu.

Yuko pia aliyelitatua tatizo la kuwamo kwa njia ambayo si ya Kennan. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mzaliwa wa Tabora, 1933. Alianzia kwenye habari, akawa mwandishi wa habari wa Rais, akawa askari, akawa katibu mtendaji wa TANU, kisha miaka ya sabini akashika ukatibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyokuwa na makao yake hapa Dar tangu 1963. Alikaa pale hadi ilipofungwa 1994, Afrika Kusini ilipopiga kura. Baadaye akawa balozi Zimbabwe. Huyu alikuwa balozi wa vita vyenyewe, ukipenda. Fedha, silaha na mafunzo ya vyama vya ukombozi vilipita kwenye kamati yake, na nusu ya kazi ilikuwa kuwasuluhisha wapigania uhuru waliogombana wenyewe kwa wenyewe.

Na mji huu ulikuwa uwanja. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa hapa Juni 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliyekuwa ameacha kazi Umoja wa Mataifa na uprofesa Marekani kuja kuongoza vita, aliuawa Oysterbay tarehe 3 Februari 1969. Bomu lilikuwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta.

Mbita angeweza kukaa akaandika "Mimi na Ukombozi," na tungenunua. Badala yake aliubeba mradi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliopewa jina lake, uliokusanya nyaraka na kuwahoji watu kwa midomo yao katika nchi zilizopigana na zile zilizowapokea wapiganaji. Zikatoka juzuu tisa mwaka 2014, zimechapwa hapahapa Dar na Mkuki na Nyota. Yeye akafariki Aprili 2015. Kwa hiyo mtu aliyejua mengi kuliko wote aliwaachia wengine waseme, na wahariri wakawa wasomi wengine. Zina matatizo yake, ndiyo. Mradi wa serikali za nchi zilizoshinda haukosi adabu ya wenyeji, na juzuu tisa kwa bei ya mjini si za kila mtu. Lakini ukizifungua huisikii sauti moja. Unasikia watu wanapishana, huyu anasema hivi, yule anakataa, na kwangu mimi kupishana huko ni uhai. Faili ambalo kila karatasi inakubaliana na mwenzake nilijifunza kulitilia shaka.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, si kwa mpangilio huu, maana chai ilikuwa inakatiza. Wiki mbili baadaye akarudi na habari. Baba mwenye nyumba wa rafiki yake, huko Mbagala, ni askari wa zamani, alikuwa Kagera. Amekwenda kumwona.

"Ukamwamkia vizuri?"

"Nilimwamkia, mjomba. Nikamwambia nataka kumhoji kuhusu vita."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, unataka ile ya redioni au yangu. Nikasema yako, mzee. Nikawasha simu irekodi, nikaiweka mezani."

"Enhe?"

"Akaniambia niizime kwanza."